Mtoto Mmoja, Mahali Panne

Mdogo wangu alizama ziwani mwezi wa nane, akitoka Ubwari na magunia ya ndagala, dagaa wa kwetu, aliyokuwa anapeleka kuuza Misisi. Upepo uligeuza boti. Wenzake wanne walipatikana, yeye hapana. Tulingoja wiki nane.

Kisha baba mukubwa Asukulu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, akateremka kutoka Fizi akatuambia namna ya kuzika mtu asiyeonekana. Unakata mgomba wa urefu wake, unaufunga shuka, unauzika, halafu watu wananyolewa nywele na matanga yanaisha. Mpaka siku hiyo jina lake halitajwi nyumbani. Ukimtaja ambaye hajazikwa, unamwita arudi, na hana pa kufikia.

Mimi ni seremala hapa Baraka. Niliona aibu ndugu yangu azikwe katika shuka wakati wageni nawatengenezea masanduku, kwa hiyo nikachonga sanduku. Hapo ndipo nilipokosea. Mimi na yeye tulilingana, hata suruali tulikuwa tunaazimana, basi sikutumia mita. Nilipomaliza nililala ndani nione kama mabega yanaenea. Mama akatokea mlangoni mwa atelie, karakana yangu, wakati huohuo.

Hakulia. Alinitazama nikitoka mle na vumbi la mbao mgongoni, akatazama mgomba uliokuwa umeegeshwa ukutani.

"Mi sikuzalaka mugomba," akasema.

Akarudi ndani akalala kwenye mkeka. Kwetu mama wa marehemu analala chini mpaka maziko, na sasa maziko ameyakataa. Mvua zilikuwa zimeanza, sakafu yetu ni ya udongo, na kikohozi chake tulikisikia mpaka barabarani. Clarisse, mke wangu, aliniambia anakula matonge mawili halafu anasukuma sahani. Mtu wa miaka sabini na moja hawezi kuishi hivyo muda mrefu. Nilijua kwamba nisipopata njia ya kumwinua, sanduku nililolichonga litapata mtu wake.

Wageni nao walimzidishia. Huyu alikaa kando ya mkeka akamwambia mtoto amelala usingizi. Mwingine akasema yuko anasafishwa. Mwingine akasema yuko mbinguni tayari, na jirani Mwislamu akasema aliyekufa majini ana heshima kubwa kwa Mungu. Mama aliwasikiliza wote. Walipoondoka aliniita.

"Mutoto ni mumoja, na mumemutia mu fasi ine," akasema. "Wende, Dany, ubaulize bote. Kama banapatana hata mu kitu kimoja, mi nitatoka hapa chini."

Labda alinifukuza tu apumzike. Lakini mimi nilitaka kwenda. Miaka ishirini nimetengenezea masanduku watu wa kila kanisa. Waislamu hawanunui sanduku, wao huniagiza mbao za kufunika maiti ndani ya kaburi. Katika miaka hiyo yote sijawahi kumwuliza mtu hata mmoja anadhani tunachokifunika kinakwenda wapi.

Nilianza kwa katekista Henri kwa kuwa yuko karibu. Kabla sijamaliza maneno alitoa daftari la misa akataka jina. Nilisita. Halafu nikajiambia katazo ni la nyumbani, na hapa ni kwa Henri. Nikamtajia, akaandika. Akanieleza kwamba roho husafishwa kabla ya kumwona Mungu, na misa zetu zinaisaidia, mwili uwepo au usiwepo. Nilimwuliza kusafishwa huko kunachukua muda gani. Akasema hakujaandikwa. Nikamwuliza kama mtu aliyekufa ndani ya ziwa zima la maji bado ana uchafu. Alicheka, kisha akaona mimi sicheki, akafunga daftari.

Kesho yake nilipanda motari, pikipiki ya abiria, mpaka Lusenda kwa pasta Egide, Mrundi wa kambi ya wakimbizi, mtu wa Pentekoste, niliyemchongea mabenchi ya kanisa. Yeye pia alitaka jina, na kujua kama mwenye jina alikuwa ameokoka. Nilimjibu ukweli: alikunywa kidogo na aliimba sana. Egide akasema mtu akishakufa mlango umefungwa, na kumwombea ni kupanda mahindi juu ya jiwe. Akaniruhusu nimwambie Henri hivyohivyo, kwani wao ni marafiki na hubishana kila wakikutana sokoni.

Nilimwuliza kama yeye amewahi kupoteza mtu bila kaburi. Akasema wawili, njiani, walipokuwa wanakimbia. Sasa wako wapi? Mungu anajua, akasema.

"Na hiyo inakutosha, pasta?"



"Siku zingine," akasema.

Shehe Ramazani nilimkuta msikitini baada ya sala ya alasiri. Alinipenda kwa sababu sikuzunguka, naye hakuzunguka. Alisema wao wanayo sala ya kumsalia maiti aliye mbali, lakini ndugu yangu hakuwa Mwislamu, kwa hiyo hawezi kumsalia, na hatanidanganya ili nifurahi. Nilimshukuru. Hata hivyo na yeye alikuwa ameanza kwa kuuliza jina, na baada ya hapo akauliza jina la mama. Sikuelewa mama anaingiaje.

"Fundi, sisi tukishamuweka muntu mu kaburi, tunamufundisha namna ya kujibu malaika," akasema. "Tunamuita: we fulani, mwana wa mama fulani. Baba hatumutaje."

Jioni nilimpigia simu baba mukubwa. Alicheka dini zote, akasema hao ni wageni, mgomba ulikuwepo kabla yao. Lakini nilipomwuliza siku ya kuzika nani anafanya nini, akaacha kucheka. Mkubwa wa ukoo, akasema, anasimama mbele ya shimo na kumtaja marehemu kwa sauti, mara ya kwanza tangu afe. Bila hivyo ule ni mgomba tu.

Nilirudi kwa mama mikono mitupu. Nilikuwa nimefikiria kumwambia kwamba wote wanapatana kuna Mungu mmoja. Lakini shehe alishanitikisia kichwa kwa habari ya Utatu wa Henri, na mama angenikamata. Nikamwambia hawapatani. Huyu anaombea wafu, yule anakataza, huyu ana sala lakini si yetu.

Hakukubali muhtasari. Alitaka kila mmoja, tangu nilipofika mlangoni kwake. Nikaanza tena. Henri alitoa daftari akauliza jina. Egide akauliza jina, halafu habari ya kuokoka. Nilipofika kwa shehe, mama aliinua mkono.

"Na yeye alianza na nini?"

"Jina. Na yako."

"Yangu ya nini?"

Nilimweleza. Alijisukuma kwa kiwiko akakaa, akasogea mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akaniuliza habari ya baba mukubwa, na hiyo pia nikamweleza.

"Bote bamemutaja," akasema. "Mi tu ndiye ninakatazwa. Umutaje, Dany."

Nilimkumbusha katazo. Akasema wamemtaja kutoka Lusenda mpaka msikitini na hajagonga mlango. Na akigonga, akasema, tutamfungulia.

Clarisse alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Sikujua nitaje namna gani, kwa hiyo nilifuata njia ya shehe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na nafasi ya mama.

"Isidore Wilondja, mwana wa Félicité."

Mama alilirudia, polepole, jina la mwanawe na la kwake. Mara ya tatu sauti ilikatika. Akalia kilio ambacho hakukilia siku ya boti. Baadaye aliomba ugali, na usiku huo Clarisse alikunja mkeka.

Jumamosi tulizika mgomba ndani ya sanduku nililolipima kwa mwili wangu. Baba mukubwa alisimama mbele ya shimo, akavuta pumzi ili amtaje. Mama akamtangulia.

Kikohozi bado anacho, lakini analala kitandani. Mimi, kila anayekuja kuagiza sanduku, namwuliza anadhani mtu wake amekwenda wapi. Wengine wanakasirika. Kabla ya hapo, namwuliza jina.