Ukurasa wa Pili

Tangu asubuhi Ayuma alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi ya kumbukumbu mjini Kakamega, viatu mkononi, miguu imevimba. Alikuwa ametembea kutoka Malava. Kesho wazee wa ardhi wangeamua mpaka wa shamba lake, na walitaka waione hukumu iliyompa baba mkwe wake ardhi hiyo enzi za mkoloni.

Hukumu hiyo ilikuwa imelala miaka yote katika sanduku lake la bati. Mwaka uliopita Chrispinus, kijana wa kampuni iliyopewa kazi ya kutia kumbukumbu za serikali kwenye kompyuta, alifika kwake na naibu wa chifu. Faili la ofisini limeliwa na mchwa, walisema. Nakala yake itahifadhiwa vizuri. Ayuma aliwapa karatasi, akachinja kuku. Mumewe alikuwa ameshakufa, basi firigisi, kipande cha mwenye boma, akampa mgeni. Mtu aliyekula firigisi yako huwezi kumdai risiti.

"Sasa ni kulipia, mama," Chrispinus alisema leo nyuma ya kaunta, bila kuinua macho. "Kila ukurasa na bei yake."

"Si nilikupa mimi mwenyewe? Na ukala ingokho kwangu!"

"Nakumbuka, mama. Ilikuwa tamu. Lakini kompyuta haikukula."

"Basi nipe karatasi yangu yenyewe."

"Ilienda Nairobi."

"Zamani watu walikuwanga wanasoma hapa bure."

"Hiyo ni zamani."

Asante ya punda ni mateke. Ayuma alikuwa amechoka asiweze hata kukasirika.

Akaingia Sifuna, jirani yake, ambaye baba yake ndiye aliyeshindwa katika kesi ile. Alitaka faili hilo hilo, na mfuko wake haukuwa mtupu kama wa Ayuma. Chrispinus akafungua ukurasa wa kwanza, madai ya baba yake Sifuna, kisha wa pili.

"Nipe ya kwanza tu."

"Hukumu iko kwa ya pili, mzee."

"Nimekuuliza ya pili?"

Mashine ya kuchapa ikaanza kulia. Ayuma aliacha viatu kwenye benchi, akasogea pekupeku hadi kwenye kaunta. Kusoma hakujua, lakini alama ile nyeusi ya kidole cha baba mkwe kwenye kioo cha kompyuta aliijua.

"Ndiyo hiyo! Andikia wazee tu, uwaambie iko."

"Kampuni haiandikangi barua, mama. Inauza kurasa."

Sifuna alikunja karatasi yake, akaitia ndani ya koti. "Tuonane kesho, mama."

Chrispinus alizima kompyuta, kidole kikapotea. Akakifunika kioo kwa kitambaa cha kufuma, vumbi lisiingie, akatafuta funguo aende kula.

"Shika viatu, mama," alisema. "Hiyo benchi tunafungianga ndani."