Sabuni Yashtaki King'amuzi Changu

Usiku wa jana niliota nimeshtakiwa na sabuni. King'amuzi changu kinarekodi tamthilia na kuyakata matangazo, kwa hiyo sabuni imeomba kipondwe.

Sikuogopa. Wakili sikumtaka, maana hakuna anayenishinda kusema.

Hakimu ni rimoti yetu ya nyumbani, bado amevaa nailoni yake na mpira kiunoni. Ili akusikie, lazima apigwe kofi mara mbili. Karani anampiga, kwa heshima zote.

"Sekunde zangu thelathini kila siku," sabuni inasema huku ikitoka povu. "Amezipeleka wapi?"

"Hizi hapa," nikasema, nikazimwaga mezani. Zilikuwa nyingi, safi, na nyingine zilikuwa bado zinaimba.

"Kwa nini ulizikata?" akauliza Hakimu.

Nikamweleza. Mama yangu akimeza dawa saa kumi jioni, usingizi humchukua baada ya dakika arobaini. Tamthilia bila matangazo ni dakika thelathini na nane. Kabla ya king'amuzi hicho, mwaka mzima hakuona mwisho wa kitu chochote, na jambo hilo liliniuma sana.

"Si anauona mwanzo?" sabuni ikasema.

Hakimu akafungua kinywa, taa yake ikafifia. Betri. Hapo mahakama ikawa uani kwetu, jua linawaka. Sabuni ikatabasamu, kwa kuwa hakimu akizimika mlalamikaji ndiye mshindi.

Nikamfungua Hakimu mgongo, nikatoa betri, nikaziuma moja moja, nikazianika ukutani. Nilikaa nikakunja nne. Betri za nyumba yetu nazijua.

Nilipozirudisha, Hakimu akaamka na hukumu yake.

"Tangazo ni mgeni," akasema. "Likimkuta Mama anaangalia, lingoje mlangoni mpaka amalize."

Sabuni ikainamisha kichwa, ikatoka.

Niliamka asubuhi jua limeshapanda. Mama alikuwa mbele ya televisheni, amemaliza tamthilia iliyorekodiwa jana, macho makavu kabisa.

"Kaolewa na yule dereva," akaniambia. "Leo nimeona mpaka majina ya waigizaji mwishoni."

Nilifurahi.

"Makame," akaendelea, "hebu mkaribishe huyo mgeni. Kangoja sana, maskini."

Nikafungua mlango. Katikati ya ndara zetu kulikuwa na mche wa sabuni, povu halijakauka.