Mtondoo wa Rahila

Jumatatu, tarehe kumi na mbili Februari, mwaka elfu mbili na ishirini na nne, baada ya sala ya adhuhuri, ndipo mti wa mke wangu ulipotangazwa mvivu. Kabla ya hapo ugomvi wangu na wakubwa ulikuwa wa kawaida tu, kama wa mtu mwengine yeyote.

Mke wangu Rahila alifariki miaka kadhaa kabla ya hapo, akingojea gari ya wagonjwa. Gari ilikuwepo, nzima, na mafuta imetiwa. Ila siku hiyo ilikwenda kubeba viti vya mkutano wa Bwana Abdulnasir, mwenyekiti wa kamati yetu ya msitu. Mkutano, nasikia, ulikwenda vizuri sana, hakuna aliyesimama.

Nilimzika pembezoni mwa msitu, hapa nyuma ya kijiji chetu cha Wambaa, chini ya mtondoo, na mahala nilipachagua kwa makusudi. Kwetu watu huchomeka tawi bichi juu ya kaburi, maana jani likiwa bichi humsabihi Mungu, na aliye chini hupunguziwa uzito. Lakini tawi hunyauka. Nikifa mie nani atalibadilisha? Mtondoo haupukutiki. Masika kijani, kaskazi na jua lake kijani. Nikasema, huyu duniani kanyimwa gari, basi huko aliko apate mti wa kumwombea usiochoka.

Siku hiyo ya Jumatatu akaja Bi Samiha, mtaalamu kutoka Unguja, na chombo chake kwenye mlingoti. Abdulnasir yuko nyuma yake, anamshikia mwavuli.

"Shikamoo, Mzee Shaame."

"Marahaba, mwanangu. Hicho nacho cha nini?"

"Jani likipigwa na jua halimezi mwanga wote, baba. Mwengine huurudisha. Hiki kinausoma ule uliorudi, kikajua jani linajitengenezea chakula kwa kiasi gani."

"Si linaonekana kijani? Kwani macho hayatoshi?"

"Macho hudanganyika. Miti kama hii hubaki kijani mwaka mzima, lakini kazi yake hupanda na kushuka. Jua likikaza, rangi za ndani ya jani hugeuka kidogo sana, mimi na wewe hatuzioni. Mwanga unaorudi ndio unaosema." Akakielekeza chombo kwenye mtondoo wa Rahila. "Huu, kwa mfano, sasa hivi umelala."

"Umelala?" Abdulnasir akauteremsha mwavuli.

Lazima niseme kwa nini alishtuka vile. Alkhamisi yake alikuwa anakuja mgeni mkubwa kuzindua mnara wa chombo hicho, na mgeni kwetu hupokewa kwa lango la matawi mabichi. Kaskazi ya mwaka ule iliunguza kila kitu. Mti uliobaki na majani ya kutazamika, karibu na njia, ni mtondoo tu. Lakini nani angeugusa mti wa kaburini?

"Kama umelala, hautasikia maumivu," alisema Abdulnasir. "Na kama haufanyi kazi, basi hata marehemu haumfai kitu. Sayansi ishasema."

"Mimi nimesema umelala," Bi Samiha akamkata. "Sikusema umekufa. Tena ni mti wangu wa mfano, nataka kuusoma mwaka mzima."

"Wewe pima, Bi Samiha. Kuamua tuachie sisi."

"Yakhe Abdulnasir," nikamwambia, "ngojeni masika. Mvua ikinyesha mpime tena."

"Mgeni hangoji mvua, Mzee Shaame. Nawe usiwe mkaidi, mti wenyewe mvivu!"

Watu aliokuja nao wakacheka. Nikaenda kwa sheha, mkuu wa kijiji, kushitaki. Sheha akanambia jambo hili la kitaalamu, yeye hawezi kuliingilia, akanikaribisha chai.

Jumatano watu wa Abdulnasir wakaja na msumeno. Walianza na matawi. Walipomaliza wakaona shina limebaki uchi, linatia aibu mbele ya mgeni, wakalikata na shina. Mie nilikaa juu ya kaburi kutwa nzima ili lisiangukiwe na gogo. Nilichokiokoa ni kaburi, basi.

Alkhamisi lango lilipendeza, siwezi kusema uongo. Mgeni akaja, akakaa kwenye kiti. Viti ni vile vile, nilivijua. Akataka kuoneshwa chombo kinavyofanya kazi. Bi Samiha akakielekeza msituni.

"Huko mbali, na jua kali," mgeni akasema. "Pima haya ya langoni, tuone hapa hapa."

Akapima.

"Kinasemaje?"

"Kinasema majani haya yanaonekana kijani, mheshimiwa, lakini yanakufa."

"Ajabu!" mgeni akapiga makofi. "Mimi nilidhani mazima kabisa! Na mti wake uko wapi?"

"Umepita chini yake ulipoingia," nikamjibu. Abdulnasir akapiga makofi kwa nguvu zaidi ili nisisikike, na kila mtu akamfuata.

Masika yakaingia. Kisiki kikachipua. Nikakizungushia miba kwa ajili ya mbuzi. Bi Samiha akarudi, akachuchumaa, akayapima machipukizi, akatabasamu.

"Yanafanya kazi kwa nguvu zote, Mzee Shaame."

Nikafurahi. Halafu nikamuuliza, "Na kaskazi nyengine ikija?"

"Yatalala tena, baba. Ndiyo desturi ya mti huu, hata kabla hujauona."

Kumbe miaka yote ile, kila kaskazi, mie nilikuwa nakwenda kaburini naona kijani, narudi nyumbani roho imetulia. Nikamuuliza jambo moja. Akasema chombo chake hakipimi hilo, na akaniomba radhi kama kosa ni lake. Nikalipeleka kwa Shehe Mmanga wa msikitini kwetu. Akasema atatazama vitabuni, na tangu hapo akiniona hupita njia ya kisimani. Nikampelekea Abdulnasir, maana yeye ndiye aliyeamua mti usiofanya kazi haumfai maiti. Akanambia nililete kwenye kikao. Kikao hakijaitwa mpaka leo, viti vimeazimwa.

Basi naliuliza tena hapa, na anayejua anijibu: jani likiwa bichi lakini limelala, Rahila anaombewa na nani?