Kumi na Nne na Kumi na Tano

Kila asubuhi saa moja kamili, redio inapoanza habari, mimi Noreen Clegg huchukua mwiko na kugonga ukuta wa jikoni mara tatu. Upande wa pili Hilda Openshaw naye hugonga: ko, ko, ko. Maana yake hajafa, na mimi naweza kuchemsha chai. Tumeishi hivyo miaka ishirini na sita, mimi namba kumi na nne, yeye kumi na tano, ghorofa ya tatu, kwenye varanda ndefu inayovuja. Na mvua ya hapa Salford, Uingereza, haijui kubisha hodi.

Msidhani ni mchezo. Majira ya baridi mwaka juzi ko ko ko haikuja. Nilimkuta sakafuni, nyonga imevunjika, midomo ya buluu.

Sasa jengo letu linabomolewa. Halmashauri imechoka kuziba matundu, na wachoraji wake wa ramani wamegundua kwamba watu hupenda mlango unaofungukia mtaani. Wanarudisha mitaa ya zamani iliyofagiwa na matingatinga miaka ya sitini. Mtaa wa Garnet unarudi palepale, nyumba zikigusana mabega, baa kwenye kona. Baa yenyewe haikuondoka. Imesimama peke yake kwenye majani miaka yote hii, kama mtu aliyeachwa na basi.

Tukapewa fomu za kuchagua nyumba. Hilda ana miaka themanini na nne na mikono inatetemeka, kwa hiyo nikamjazia. Mimi kumi na nne, yeye kumi na tano. Akavaa miwani, akasoma, akanitazama, akatia sahihi. Nikatoka nikijipongeza. Mume wa kwanza alinikimbia, wa pili nikamkimbia mimi. Ukuta ule tu ndio haujawahi kuniangusha.

Jumatatu wakapigilia vigingi vya namba kwenye kiwanja kilichosafishwa. Nikashuka na mwavuli nikaone jiko langu litakapokuwa. Kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Kilichofuata kilikuwa kumi na sita. Nikahesabu tena, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko uleule.

Kumi na tano ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Kwenye varanda namba hufuatana kama watu kwenye foleni. Mtaani, shufwa upande huu, witiri upande ule. Mtoto wa shule angeniambia. Lakini mimi nimezaliwa ghorofani na nimezeekea ghorofani.

Nikaenda ofisi ya nyumba mbio, miguu imelowa.

"Kumi na sita ameshaichukua Platt," akasema Bwana Fairclough, karani wa pale.

"Platt yule jirani mpiga tarumbeta?"

"Huyohuyo. Anakubali kubadilishana, lakini Bibi Openshaw aje mwenyewe kusaini. Mwisho Ijumaa saa sita mchana."

"Asipokuja?"

"Mtatazamana, mama."

Jumanne nilikwenda kwa Hilda kumwambia, nikaishia kusifia mapazia yake. Jumatano nikasifia tena mapazia yaleyale. Kila nikifumba macho namwona sakafuni, na upande wa pili wa ukuta kuna mgeni anayekula mkate wake bila habari.

Alhamisi nikajikaza.

"Hilda, nimekuua."

"Ngoja kwanza nimalize chai."

Nikamweleza yote, vigingi, Platt, Ijumaa. Akachovya biskuti yake taratibu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nimezaliwa Mtaa wa Garnet, we mwanamke. Namba tisa. Unadhani sijui kumi na tano iko upande gani?"

"Na ukasaini!"

"Mwandiko wako mbaya, lakini namba zilisomeka."

"Sasa tutagonga nini, Hilda? Lami?"

Akacheka mpaka biskuti ikamkatikia kikombeni. "Noreen mpenzi, kifaa changu cha masikio hulala kwenye kibakuli mpaka nimalize kifungua kinywa. Huu mwaka wa tisa sijasikia ukigonga."

"Lakini unanijibu!"

"Sikujibu. Natazama saa. Ikifika saa moja, nagonga." Kicheko kikamwisha. "Unadhani wasiwasi ni wako peke yako? Una miaka sitini na tisa, unatoa moshi kama bomba la kiwanda. Miaka tisa nagonga ukuta, sijui kama kuna mtu. Ukuta wako siutaki. Nataka kuuona mlango wako ukifunguka."

Nilirudi kwangu, nikawasha sigara, nikaizima.

Ijumaa niliamka mapema. Bado kulikuwa na muda wa kumshika mkono nimpeleke kwa Fairclough. Saa moja kasoro dakika kumi nikachukua mwiko, nikagonga mara tatu, kwa nguvu.

Kimya.

Basi ni kweli. Nikakaa na mwiko mapajani, naitazama saa. Kasoro nane. Kasoro tano. Labda hasikii, na labda yuko sakafuni. Ukuta haukusema ni lipi. Kasoro mbili nikavaa viatu. Miaka tisa, Hilda, hivi ndivyo ulivyokuwa unakaa?

Redio ikaanza habari.

Ko, ko, ko.

Nikavua viatu. Platt abaki na kumi na sita yake, na tarumbeta yake.