Chumba Chini ya Mti wa Peasi

Nyumba yetu ya Koekelberg, huku Ubelgiji, ilikuwa ya zamani, nyembamba na yenye giza. Mume wangu Rigobert alitaka kuifungulia bustani: ukuta wa nyuma uwe wa kioo, na mti wa peasi usikatwe. Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Mama yangu alibaki peke yake Bukavu baada ya vita, na Rigobert aliniahidi chumba cha mama chini, pasipo ngazi.

Mwezi wa tatu 1998 nilianza kushuku. Kila nilipoingia, Rigobert alikunja ramani ya ujenzi. Dada yake Thérèse, anayetunza wazee Liège, alikuja Jumapili mbili mfululizo, akazunguka katika vumbi akisema, "Hapa mutu atapumua muzuri."

Mtu gani?

Jumanne nilimsikia Rigobert akiongea na Mustafa, fundi wetu mwashi kutoka Bujumbura.

"Chambre de visite tuifunike muzuri. Madame asiione."

"Sawa, papa. Tutaweka maua."

Walipotoka, nilifungua ramani. Mwalimu wetu wa Kifaransa, katika masomo ya jioni, alitufundisha kusoma neno kwa neno. Nikafuata kwa kidole: chambre, chumba; de visite, cha wageni. Kilichorwa chini ya mti wa peasi. Namba za vipimo pembeni sikuzisoma. Jina la mama nililitafuta, halikuwapo; basi chumba alichoahidiwa amepewa Thérèse.

Nilifunga siku tatu, nikimwomba Mungu afichue kilichofichwa. Alhamisi nilimpigia mama kwa simu ya parokia yake ya Bukavu.

"Mama, usifunge mizigo kwanza. Huku hakuna nafasi."

"Si kitu, mwanangu," akajibu.

Jumamosi Thérèse alikuja tena. Nikashindwa kujizuia.

"Wifi, chumba chako umekiona?"

"Chumba gani?"

"Chambre de visite! Ile munanificha!"

Mustafa aliweka mwiko chini. Akaenda hadi kwenye mti wa peasi, akainama, akainua mfuniko wa chuma. Harufu ya maji machafu ikatupiga usoni. Kumbe Wabelgiji huliita hivyo shimo la kukagulia mabomba.

"Asante, wifi," Thérèse alisema, ameziba pua. "Donc, kichwa nitalaza upande gani?"

Mustafa alicheka hadi akashika mti. Rigobert hakucheka.

"Ulisema hautaki kuona chuma kwenye bustani," akaniambia. "Na ramani nilificha sababu ya chumba cha maman, nilitaka ushangae. Dirisha tumelishusha, akikaa kwenye kiti aone mti. Thérèse ndiye alikuja kupima."

Niliingia ndani, nikapiga simu parokiani. Padri mwenyewe alipokea.

"Maman yako ameondoka jana," akasema. "Amekwenda kuishi Uvira kwa mudogo wake. Ametuambia kwenu hakuna nafasi."

"Kuna simu huko, padri?"

"Hapana."

Kupitia tundu la ukuta wa nyuma uliobomolewa niliona Mustafa akirudisha mfuniko, mabega yake bado yanatikisika kwa kicheko.