Hamisa na Kitabu cha Nguruwe

Nguruwe pori hawakuhamishwa. Hilo wakubwa walilisahau. Walileta lori, wakahamisha watu, wakahamisha mbuzi, wakahamisha kuku ndani ya matenga, na Hamisa Kibwana akauhamisha mlango wa nyumba yake kichwani, maana lori lilikuwa limejaa na dereva ana haraka. Lakini nguruwe hakuna aliyempelekea barua. Alibaki kule kule mahameni, kwenye makazi yaliyoachwa, akaona moshi wa majiko ukikatika mmoja mmoja, akasikia mbwa wakiondoka, na bila shaka alidhani ni sikukuu yake.

Kijiji kipya kikaitwa Mapambano. Nyumba zilipangwa mistari kama watoto wa darasa la kwanza, kando ya barabara ya vumbi iendayo Kwamsisi, na ukizitazama ukiwa ndani ya Land Rover zilipendeza sana. Shamba la kijiji lilipimwa kwenye changarawe. Ardhi nyeusi, ile inayomeza jembe, ilibaki kule watu walikotolewa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Kulima kule hakukukatazwa. Kulala kule, marufuku. Kwa hiyo mchana ulikuwa wa mkulima, na usiku akaachiwa nguruwe peke yake.

Mwaka wa kwanza Hamisa alivuna magunzi. Akaishi kwa unga wa njano wa msaada, ule unaonuka gunia hata ukishaiva, na kila tonge alilomeza alimeza na tusi. Mwaka wa pili alipanda tena, na mahindi yalipotoa mbelewele alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mbaruku Mdoe.

"Mwenyekiti, naomba nikalale shambani mpaka yakauke."

"Mama Mwanaidi, unataka nifungwe? Kila mwananchi alale kijijini. Ndiyo amri."

"Na nguruwe alale wapi?"

"Nguruwe si mwananchi."

"Mbona ndiye anayekula chakula cha wananchi?"

Mbaruku hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, tena mwoga mwenye shamba kule kule mahameni, ambalo nalo lililiwa. Alitazama chini, akasema amri ni amri, akaenda kuswali adhuhuri kabla ya wakati wake.

Jioni ile palikuwa na kisomo cha watu wazima. Hamisa alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, na tangu ajue alisoma kama mtu aliyefunguliwa ghala. Kabati la maktaba ya kijiji, lenye vitabu vya kuhesabika, alishalimaliza. Alivipenda vile vya mazingira: kile cha udongo, kilichosema mizizi ya nyasi huushika kama mtu ashikavyo mtoto sokoni, kile cha miti na mvua. Lakini kimoja kilimkaa kooni. Ukurasa wa kwanza tu kilitangaza kwamba mwanadamu ndiye mtawala wa mazingira yake. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, aliyeandika hiki amewahi kulima?"

Mwalimu alikuwa Stefano, Mshambaa wa milima ya juu ya Mombo, aliyezunguka vijijini kwa pikipiki iliyotaka kusukumwa kuliko kupandwa.

"Ni mtaalamu, Ndugu Hamisa."

"Kazi yake sikuuliza. Nimeuliza kama amewahi kulima. Maana mtawala wa kwetu ana meno nje."

Darasa likaangua kicheko. Stefano naye akacheka, kisha akakuna kichwa. Alikuwa na shida yake. Alitakiwa kupeleka Korogwe kitabu kilichoandikwa na wanakijiji wenyewe kuhusu mazingira yao, kirudufishwe na kuonyeshwa Sabasaba, na kila kijiji alichopita watu walimkaribisha uji tu.

"Basi andika wewe," alisema.

"Nitaandika. Nitaandika nguruwe."

"Astaghfirullah!" Huyo ni Mbaruku, aliyekaa nyuma kuwapa wengine mfano. "Kijiji cha Waislamu, kitabu chetu cha kwanza kiwe cha nguruwe?"

"Mwenyekiti, haramu ni kumla. Kumsema hakuna aliyekataza. Wewe mwenyewe unamsema kila asubuhi." Akamgeukia Stefano. "Ila mwalimu, siwezi kumwandika nisiyemwona. Mwenzetu mchana analala, kazi zake ni za usiku. Itabidi nikakae kule kule, juu ya dungu la kulindia mahindi."

Darasa zima lilishaona njia hiyo inakwenda wapi. Stefano akayatazama mapaa ya nyasi, akakohoa, akasema kwamba utafiti ni jambo la msingi. Papo hapo akamwandikia kibali na kukigonga muhuri wa kisomo. Mbaruku akashusha pumzi. Muhuri haukuwa wake.

Hamisa akajenga dungu lake la miti katikati ya mahindi, akawasha moto chini, akatundika bati la kugonga, akaandika. Alidhani kitabu kitakuwa kisingizio tu. Kumbe kikamnasa. "Nguruwe haji mzima," aliandika. "Hutuma pua kwanza, na pua ikiridhika ndipo mwili unafuata." Na tena: "Bati ukiligonga leo atakimbia. Kesho atasimama. Keshokutwa atakaa alisikilize kama taarifa ya habari. Kwa hiyo badilisha sauti, piga yowe, imba, gombana na mtu hata kama hayupo." Asubuhi aliteremka, akatazama nyayo, akasahihisha alichokosea.

Siku moja akapita Koikai, mzee wa wafugaji wa nyika ya chini, ng'ombe wake nyuma yake, akampa maziwa ya kibuyu.

"Mama, nasikia unaandika habari za nguruwe."

"Ndiyo, mzee."

"Mwenyewe ameridhika?"

"Hajasoma bado."

Koikai akaegemea fimbo yake. "Basi tia na mbung'o. Zamani hapa tulipitisha ng'ombe bila wasiwasi, kwa sababu mlifyeka, mlilima, mliwasha moto. Mmeondoka, kichaka kimerudi, na mbung'o wamekuja nacho. Tazama ng'ombe wangu walivyokonda. Kila mwaka tulikuwa tunagombana, ng'ombe wakiingia mashambani mwenu mnatutukana mpaka babu zetu. Niliposikia mmechukuliwa na lori nilifurahi, sikufichi. Sasa nawakumbuka. Hata yale matusi nayakumbuka."

Alipokwenda zake, Hamisa aliandika ukurasa mmoja kwa mkupuo, bila kufuta hata neno. Aliandika kwamba mtu naye ni mnyama wa mahali pake, kama kanga, kama mchwa. Si mtawala, wala si mgeni. Alipokaa aliusukuma msitu kidogo, msitu nao ukamsukuma kidogo, na pale walipokutana ndipo ulipokuwa mpaka, na kila kiumbe kiliujua. Alipoondolewa, mpaka uliondoka naye. Aliusoma kwa sauti, akaona haya kidogo, kwa sababu ulikuwa mzuri.

Huku nyuma, Mapambano kulikuwa kumechangamka. Jirani yake Zamda ndiye aliyeanza. "Mwalimu," alisema, "na mimi nina kitabu. Cha nyani." Akapata kibali. Kikafuata cha tumbili, cha kanga, cha nungunungu. Mzee Mbwana, ambaye herufi alizijua kwa mbali, kama alivyowajua watu wa Mashewa, kwa kuwasikia tu, naye alikuja. "Kusoma sijui," alisema, "lakini ndezi namjua ukoo wake wote. Nitasema, mtu ataandika." Wino wa muhuri ukaanza kupauka. Si muda, jua likizama mistari ile ya nyumba ilibaki na kuku, na mahameni moshi ulianza kupanda tena hapa na pale, na waandishi wakaitana kutoka dungu hadi dungu.

"Zamda wee! Kitabu chako leo kimekula kwa nani?"

"Kiko juu ya mti kinanionyesha makalio! Chako je?"

"Changu kimekimbilia kwako, kifundishe kusoma!"

Asubuhi moja kabla ya Sabasaba akaja mgeni kutoka juu. Juu gani, hakuna aliyeuliza, ila Land Rover yake ilikuwa na bendera. Alikuta milango imefungwa kwa kamba na Mbaruku akifunga vifungo vya shati.

"Watu wako wako wapi?"

"Wanaandika vitabu, Ndugu Mgeni."

"Wote?"

"Karibu wote. Hiki ni kijiji chenye mwamko."

Mgeni akaenda mpaka gari lilipokomea, akamaliza kwa miguu, viatu vyake vya ngozi vikila matope. Stefano alikuwa nyuma yake, uso umemshuka. Watu wakaitwa wote chini ya dungu la Hamisa. Mgeni alichukua daftari, akasoma habari za pua, akatabasamu. Akasoma za bati, akacheka. Akafika kwenye ukurasa wa mpaka, akausoma kwa sauti mpaka mwisho, na kicheko kikakatika.

"Hii si habari ya nguruwe," alisema. "Hii ni siasa."

Nguruwe ndiye aliyeanza, Hamisa alitaka kusema.

"Vibali vyote nimevifuta. Jioni hii kila mtu awe nyumbani kwake kijijini."

Hamisa alilitazama shamba. Mahindi yalikuwa bado maziwa. Ukiminya punje yanakurukia usoni. Usiku mmoja bila moto, na angerudi kwenye unga wa gunia, yeye na Zamda na Mzee Mbwana na wote waliomtazama pale kana kwamba yeye ndiye aliyewaita. Maneno yalimjaa kinywani. Alikumbuka babu yake akisimulia habari za Mjerumani aliyewapanga mistari ili awatoze kodi, akamkumbuka baba yake aliyechukuliwa kukata katani Korogwe wakati wa Mwingereza. Kila aliyekuja alikuja na ramani, na katika ramani zote hizo nguruwe hakuchorwa. Angeweza kuyasema yote. Mdomo alikuwa nao, na haki alikuwa nayo.

Akayameza.

"Ndugu Mgeni, umesema kweli," alisema. "Ukurasa huo haujakamilika. Nilikuwa bado sijaandika mpango."

"Mpango gani?"

"Wa mapambano."

Neno lile likamwingia mgeni kama sukari kwenye chai. "Endelea."

"Vituo vya Lindo la Kijamaa. Kila shamba kituo kimoja. Kila kituo mlinzi, moto na mbwa. Mlinzi hawezi kupambana na njaa, kwa hiyo awe na chungu na kinu. Akiwa na kinu atataka mwenzake wa kupokezana kutwanga. Na kuku wachache, wa kumwamsha mapema."

Mgeni alikuwa ameshatoa kalamu. "Watoto je? Tutawaacha na nani?"

"Watoto wana sauti kali, Ndugu. Nguruwe anawaogopa kuliko bunduki. Waje tu."

Mbaruku alishikwa na kikohozi kibaya, ikabidi ageuke. Stefano alikuwa akivisoma viatu vyake.

"Na vituo hivi tuvijenge wapi?"

"Pale kwenye misingi ya zamani, tusipoteze nguvukazi."

"Umbali kati ya kituo na kituo?"

"Mtu akimtukana jirani asikike."

"Tuseme akimwita," alisema mgeni, akiandika. Alikunja karatasi yake, akawatazama watu kwa mapenzi ya ghafla. Mpango huu, alisema, ni wa kuigwa kila mahali. Vibali virudi. Kitabu kichapwe, nao mpango uwe mbele. Na kwa kuwa mpango ni jambo la uongozi, jina la juu ya jalada litakuwa la kiongozi. "Ule ukurasa mwingine utoe."

Hamisa alilishika daftari. Kisha akauchana ukurasa, polepole, kwa kufuata mshono, akampa. Mgeni akautia mfukoni bila kuutazama. Watu walipiga makofi, na Hamisa alipiga pia, kwa sababu yale mahindi yalikuwa yake.

Sabasaba kitabu kilionyeshwa na kusifiwa. Jina la mgeni lilikuwa juu kwa herufi kubwa. La Hamisa lilikuwa ndani, chini kabisa, baada ya maneno "kwa msaada wa". Nakala mbili zililetwa kabatini. Hamisa hakuzigusa. Akipita pale aliliangalia kabati kama unavyomwangalia mtu aliyekuibia ng'ombe ambaye mnakutana naye msikitini, na kama kuna aliyemwambia asante kwa kuokoa mavuno, alimjibu vizuri, kisha akatema mate pembeni.

Alikuwa akipukuchua kituoni kwake, rundo la mahindi makavu mbele yake na kinu cha jirani kikilia ng'ambo, alipomwona Mbaruku anakuja kwenye kijinjia, anasukuma baiskeli. Nyuma kafunga kitanda cha kamba, godoro limekunjwa juu yake.

"Mama Mwanaidi, nimekuja kukagua vituo."

"Na godoro?"

"Ukaguzi utachukua muda." Akaiegemeza baiskeli, akajifuta jasho, akachuchumaa na kuokota hindi moja, akaanza naye kupukuchua. "Ule ukurasa aliouchukua yule bwana," alisema bila kuinua macho. "Ulikuwa unasemaje? Siku ile nilikuwa na hofu, sikuusikia vizuri."

Hamisa akaanza. Mtu naye ni mnyama wa mahali pake. Alifika kwenye msitu, kwenye kusukumana, akakwama. Akarudi nyuma, akajaribu tena, ukaja umepinda.

"Kule kwenye karatasi ulikuwa mzuri zaidi," alisema.

"Andika mwingine."

"Kwa muhuri wa nani?"

Mbaruku alitupa gunzi, akachukua hindi jingine. "Mimi ni mkaguzi," alisema. "Nitasema sijauona."

Hamisa akacheka mpaka punje zikamwagika mapajani. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani kutafuta kalamu.