Unga wa Eterniti

Hapa Baraka, mji wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika, hakuna aliyenishinda kwa sufuria zinazong'aa, na sitajidai mnyenyekevu. Siri yangu ilikuwa eterniti, yale mabati mazito ya saruji ambayo Wabelgiji waliezekea ghala la pamba karibu na ziwa. Mvua kubwa ikiangusha kipande, nilikiokota, nikakitwanga, na binti yangu Vanessa akachekecha unga kwa kitambaa. Ule laini kabisa ndio uliong'arisha sufuria. Mtoto aliinuka hapo na kope nyeupe, nikamwita bibi kizee, tukacheka.

Mwezi uliopita Placide, fundi aliyesomea Bukavu, alikuja kubomoa lile paa. Nikaenda na beseni, nikijua siku hiyo ni mavuno. Nilimkuta amejifunga pua na mdomo, analowesha kila bati kwa maji kabla ya kuligusa, na amezungusha kamba eneo zima. Alinikataza kuvuka. Nikamwambia mbele ya watu kwamba ana roho ndogo, takataka za Wabelgiji anazilinda kama dhahabu ya machimbo ya Misisi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama Vanessa, mu ii eterniti muko amianti," alisema. "Ikikaa juu bila kuvunjika, haina matata sana. Lakini vumbi yake ikiingia mu mapafu, haitokake tena. Inauaka bantu."

Akaeleza kwamba amianti, ambayo wengine huiita asbesto, inaweza kuwamo pia kwenye dari za nyumba za zamani, na kwenye mabomba ya maji ya wakati ule. Watu wasikate wala kukwangua. Sikusikia mengine. Nilikuwa namwona Vanessa na kitambaa chake. Na wiki hiyo alikuwa anakohoa.

Nilirudi mbio, beseni nimeliacha huko huko. Nikashika ufagio nifagie pale tulipotwangia, kisha nikakumbuka habari ya vumbi, nikasimama nao mkononi kama mjinga. Kufagia ni kosa, kuacha ni kosa. Mwishowe nilimwaga ndoo tatu za maji, nikamfunga Vanessa mgongoni ingawa ana miaka minane, nikaenda hospitali.

Daktari Norbert alimsikiliza kifua na mgongo. Nilimweleza yote, hata kitambaa, bila kujitetea. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Aliandika dawa kwanza, halafu akaweka kalamu chini.

"Ii kikohozi ni ya mafua tu," akasema. "Ile ya vumbi haianzake leo. Inangojaka miaka makumi mbili, makumi tatu, hata zaidi. Na si kila muntu anaipataka. Lakini musitwange tena."

Nilimuuliza kama kuna dawa ya kuutoa ule unga ndani. Alisema hakuna.

Siku ya tano kikohozi kiliisha. Majirani walinipongeza, nami nikapita nyumba kwa nyumba kwa wanawake niliowagawia unga, kuwaomba wauloweshe, wasiuguse ukiwa mkavu. Wengine walidhani nimeamua kuwanyima siri. Émilienne, ambaye binti yake anaolewa Jumamosi na alitaka sufuria za harusi zing'ae, hasemi nami mpaka leo.

Waseme watakavyo. Mimi nilifundishwa kutwanga eterniti na mama yangu nikiwa na miaka minane, kama Vanessa, na sasa nina thelathini na tisa. Hesabu hiyo sikumpa daktari. Siku hizi tukipanda kilima kwenda shamba la mihogo, nasimama katikati ya njia nisikilize pumzi zangu. Naogopa, nasema wazi. Si kifo changu hasa. Naogopa kwamba kitakachoanza kifuani mwangu, mwanangu atakiona, na atajua kinachomngoja yeye pia.

Jana alinishika mkono akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia hapana, nikatangulia, nikajikaza nisiheme mbele yake.